Mwaka wa Nafasi ya Saba

Bina alinipigia simu Jumanne mchana, nikiwa kwenye foleni ya dukani na mafungu mawili ya mchicha mkononi. Baba yake alikuwa amefariki alfajiri ile, usingizini. Alilia kidogo, akajikaza, kisha akasema, "Na timu iko ya tisa, Zuhura. Ninth! Dad angekasirika sana." Nikacheka palepale mbele za watu, halafu nikauacha mchicha juu ya kaunta nikatoka nje, maana kilichofuata hakikuwa kicheko. Mtu mwingine angedhani msiba umemchanganya mwenzetu. Mimi nilimwelewa. Kuna mwaka mmoja wa ujana wangu ambao niliuishi kwa kufuata msimamo wa ligi, nikijua nani yuko wa ngapi na kabakiza mechi ngapi, na wala sikuwa mpenzi wa mpira.

Jioni nilikwenda kwao Kilburn, hapa London. Ngazi ni zilezile, thelathini na moja, juu ya duka la mazulia. Sebuleni walikuwa wameondoa viti na kutandika mashuka meupe, wanawake wamekaa chini wakiimba taratibu kwa Kigujarati. Bina alinikumbatia mlangoni. Ana mvi sasa, na mimi ninazo. Nilimwambia naomba kwenda msalani, lakini miguu ilinipeleka kwenye chumba kidogo cha mwisho wa korido, kilichokuwa changu. Siku hizi kimejaa maboksi. Zamani kilikuwa na kitanda kimoja, ubao wa kupigia pasi, na boila ya maji moto iliyokohoa kila nusu saa. Ukisimama katikati ukanyoosha mikono, unagusa kuta zote mbili. Nilinyoosha. Bado zinagusika. Nikasimama hivyo kwa muda, mikono ukutani, nikasikia ile pumzi fupi ya zamani ikinirudia kifuani, nikafungua mlango haraka.

Habari za nyumbani na za kuja huku sizirudii hapa. Niliingia nyumba ile Septemba moja, nikiwa na miaka ishirini na sita, kumtunza Mzee Jayanti, baba yake Bina. Alikuwa amezaliwa Tanga, akauza vitambaa London miaka arobaini, halafu kiharusi kikamwangusha, upande wa kulia ukalemaa kuanzia jichoni mpaka mguuni. Kusoma aliweza, lakini Kiingereza cha kusema kilimpotea, Kigujarati kikabaki vipande, na Kiswahili cha utotoni kikarudi kizima, na matusi yake yote. Wauguzi waliotumwa na wakala aliwafukuza mmoja baada ya mwingine, watano. Ndipo Bina akatafuta Mtanzania wa kulala humo humo. Kutoka hospitali walimpandisha Mzee kwa kiti, watu wawili, na tangu siku hiyo hakushuka tena. Kwa kuwa yeye hakushuka, mimi nami nilishuka kwa nadra: dukani, famasi, na saa nne za Jumapili Bina akija. Samaki hawakuruhusiwa kuingia jikoni, wala nyama. Nilipika maharage ya nazi, mhogo, mchicha, bamia, chapati mbili zake na mbili zangu, tukala uso kwa uso kwenye meza ya kukunja, yeye akitafuna upande mmoja wa mdomo na kunikosoa chumvi. Nisieleweke vibaya. Hakuna aliyenifungia mlango. Ufunguo nilikuwa nao, karatasi zangu za kuishi nchi hii zilikuwa safi, na mshahara niliupata. Lakini mtu akikuita mara arobaini kwa siku, hata usingizini unajibu abee.

Nilichokuwa nacho peke yangu ni barua ya chuo. Niliomba kusomea uuguzi, na mapema Desemba wakaniita kwenye usaili. Niliificha barua chini ya godoro siku tatu, halafu nikaona upuuzi, nikamwambia Mzee wakati wa chakula cha jioni. Siku hiyo timu yake ilikuwa ya tatu kwenye ligi, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi, na alikuwa amefuta ratiba ya dawa kwenye ubao mweupe alioletewa na muuguzi wa wilaya, akaandika msimamo wa ligi kwa kalamu nyekundu, herufi zimelala, maana aliandika kwa mkono wa kushoto, uliobaki mzima. Aliposikia habari ya chuo aliweka kijiko chini.

"Utaniacha."

"Masomo yanaanza Septemba, Mzee. Siyo kesho."

"Utaniacha niletewe wale wa wakala. Wananiogesha kama gari."

Sikupenda uso ule. Nilitaka umtoke haraka, nami nilikuwa na furaha ya barua yangu, na mtu mwenye furaha huropoka. Nikamwambia huku nacheka, "Wallahi siondoki nyumba hii mpaka timu yako iingie Ulaya. Umeridhika?"

Mzee aliacha kutafuna. Bina angesikia, angedhani ni neno tu la mazungumzo. Lakini Mzee Jayanti, Mhindu mwenye sanamu ya mungu wake juu ya friji, alikulia barabara moja na Waislamu wa Tanga, na alijua wallahi ni kitu gani. Alinitazama kwa lile jicho zima. "Umesema wallahi," akasema. "Nimesema," nikajibu, na bado nilikuwa nacheka. Timu ilikuwa ya tatu. Timu nne za juu zilikwenda Ulaya, yaani kwenye mashindano ya klabu za bara zima. Nilihesabu miezi: Mei ligi inaisha, Septemba nipo darasani. Niliona nimempa mzee pipi isiyonigharimu kitu.

Januari wakafungwa mara tatu. Februari mshambuliaji akavunjika kifundo, na beki wa kulia akawa, kwa maneno ya Mzee, mlango wa choo cha stesheni. Tatu ikawa tano, tano ikawa saba. Ndipo nilipoanza kusoma njia za kuingia Ulaya kama mtu anayekagua madirisha ya nyumba iliyofungwa. Mzee ndiye aliyenifundisha, kwa kidole chake juu ya ubao. Wanne wa juu wanakwenda kwenye mashindano makubwa, yale ya Jumanne na Jumatano. Wa tano anakwenda kwenye madogo, ya Alhamisi. Anayebeba kombe la chama, lile linalochezwa na kila timu mpaka ya wauza samaki, naye anakwenda Alhamisi. Anayebeba kombe la ligi, hivyo hivyo. Halafu kulikuwa na mlango wa nidhamu, aliousema kwa heshima kubwa: timu yenye kadi chache inaweza kupewa nafasi kwa adabu yake tu. Kwa ajili ya mlango huo nilijikuta nimesimama katikati ya sebule, chapati mkononi, nikimpigia kelele kiungo asiyenijua kwamba akipata kadi nyingine ya njano namfuata kwao. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Nami nilicheka. Halafu nikaenda chumbani nikakaa kitandani, magoti yakigusa ukuta, nikajiuliza imekuwaje maisha yangu yameangukia miguuni kwa watu kumi na moja wa kaptura.

Jumapili zangu nilikwenda Hayes kwa Mwajuma, rafiki yangu aliyepanga vyakula vya abiria kwenye bohari karibu na uwanja wa ndege. Alinikaangia samaki, nikala na miiba. Nilipomweleza habari ya kiapo aliniangalia kama niliyepoteza akili.

"Kwa hiyo chuo unakiacha kwa sababu ya mpira?"

"Niliapa, Mwajuma."

"Si kuna kafara? Lisha maskini kumi. Ukishindwa, funga siku tatu, umalize. Mungu siyo manager wa timu."

Alikuwa na haki, na nilijua ana haki. Nilimjibu kwamba maskini kumi wa Kilburn sitajua pa kuwapata, tukacheka, nikapanda basi nikarudi. Leo nikiandika haya najiuliza kwa nini sikufunga siku tatu mwezi uleule. Nadhani ni kwa sababu kiapo kilikuwa kinanisaidia. Usaili nilikuwa nimeupita. Kiti nilikuwa nacho, wakisubiri nithibitishe. Na nilikiogopa kiti kile. Niliogopa kuandika insha kwa Kiingereza, niliogopa wasichana wa miaka kumi na minane, niliogopa kurudi kwa Mzee na kumwambia nimeshindwa. Aliyenishika alikuwa mzee wa mguu mmoja mzima, lakini mkono mwingine ulionishika ulikuwa wangu mwenyewe. Wakati ule nisingekubali kulisema hili hata kwa kuchapwa.

Siku ya mwisho ya ligi, katikati ya Mei, timu ikatoka sare na kumaliza ya saba. Kombe la ligi lilikuwa limechukuliwa tangu baridi na timu mojawapo ya wanne wa juu, kwa hiyo nafasi yake ilishuka kwa wa sita. Ilibaki fainali ya kombe la chama, Jumamosi iliyofuata, kati ya timu kubwa iliyomaliza ya tano na timu ndogo ya huko chini. Nikamuuliza Mzee kama kuna chochote kwa wa saba. Akatikisa kichwa. "Mdogo akishinda, anakwenda yeye. Mkubwa akishinda, yeye tayari ana nafasi, kwa hiyo anakwenda aliyefungwa fainali. Huo ndio utaratibu tangu zamani. Kwa vyovyote anakwenda mdogo. Fainali haituhusu."

Nilimwamini. Mtu aliyefuata ligi miaka arobaini, ningembishia nini? Jumamosi ile hatukuwasha hata televisheni. Yeye alilala, mimi nikapiga pasi mashuka kwenye chumba changu mpaka mvuke ukaniziba pua. Jioni nilisikia baa ya jirani wakiimba jina la timu kubwa, nikajua fainali imekwisha na mkubwa kashinda. Haikunihusu. Jumatatu nilimnunulia gazeti kama kawaida, akalisoma kwa miwani na kioo cha kukuzia. Jumanne akaniambia nisinunue tena wiki ile, macho yanamuuma. Nilimwekea matone ya macho. Alhamisi jioni nilimsikia kupitia ukuta akizungumza na Bina kwenye simu, Kigujarati na Kiswahili vimechanganyika, nikashika maneno mawili tu: hataondoka, na ameapa. Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi chuoni. Nilikaa kitandani, simu mkononi. Simu ileile ningeweza kuiuliza habari za Ulaya nikapata jibu kabla chai haijapoa. Sikuuliza. Niliwaandikia chuo kwamba sitakuja, nikawashukuru, nikaenda kumenya mhogo. Mzee alikula sana jioni ile, akaomba na cha kuongeza.

Juni na Julai zile ndizo ninazoziota mpaka leo. Joto lilipanda ngazi likakataa kushuka. Madirisha ya mbele hayakufunguka zaidi ya upana wa kiganja, mafundi waliyafunga hivyo kwa usalama, na basi zilipita chini zimejaa watu wanaokwenda mahali. Niliwajua kwa mavazi: wa saa mbili asubuhi wenye beji za hospitali shingoni, ambao sikuweza kuwatazama. Mzee alinifanyia upole wa ghafla ulionichosha kuliko ukali wake. Alinisifia chumvi. Alinifundisha karata. Mara moja alisema, "Mwaka ujao wakijitahidi, watafika," na mimi nikajibu, "Inshallah," na ndani yangu kulikuwa na mtu anayepiga makelele.

Alhamisi ya mwisho ya Julai nilitoka kwenda famasi kuchukua dawa zake za mwezi. Kwa kawaida kuna foleni ya saa nzima. Siku ile hapakuwa na mtu, nikarudi baada ya dakika ishirini, jua bado kali. Nilipofika ngazi ya ishirini hivi nilisikia mtangazaji wa mpira. Nikafikiri ni jirani, maana ligi ilikuwa haijaanza. Nilifungua mlango. Mzee alikuwa ameegemea mbele kwenye kiti chake, mto kifuani, na kwenye televisheni walikuwa wachezaji wetu, jezi zetu, beki wetu wa mlango wa choo, wakicheza na timu ya nchi nisiyoijua. Pembeni ya skrini paliandikwa jina la mashindano yale ya Alhamisi, na chini yake, raundi ya tatu ya mchujo.

Alitafuta rimoti, ikamwangukia. Nikaiokota mimi. Sikuzima.

"Wamefikaje hapa, Mzee?"

Alinyoosha mkono kuidai rimoti.

"Mzee. Wa saba kafikaje Ulaya?"

"Wamebadili utaratibu," akasema polepole. "Aliyefungwa fainali haendi tena. Nafasi inashuka kwenye ligi. Na ule wa nidhamu wameufuta. Mimi sikujua, Zuhura. Siku ile nilivyokwambia, nilikwambia ninachokijua."

"Ulijua lini?"

Alitazama televisheni. Beki alirusha mpira. "Jumatatu. Gazetini."

Nilihesabu kwa vidole, mbele yake, kama mtoto. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Siku tano nzima kiti changu kilikuwepo bado, na mimi nilikuwa namtilia matone kwenye macho yasiyouma. Nilimchukia. Sijui neno lingine la kuliweka hapo. Nilitamani kumfunga televisheni ile shingoni. Yeye akajinyoosha, akakusanya ile heshima yake ya mwenye duka, na akasema jambo ambalo hata leo nikilikumbuka nasita kati ya kucheka na kuvunja kitu.

"Lakini huu ni mchujo tu. Mchujo siyo Ulaya. Kuingia Ulaya ni kuingia makundi. Wakitoka hapa kuna raundi nyingine, na wakitolewa, hawakuingia. Uliapa mpaka waingie."

Alikuwa anasema kweli kabisa, kwa utaratibu. Hilo ndilo lililonifungua macho. Nilielewa kwamba hata wakiingia makundi, kutakuwa na hatua ya mtoano. Hata wakibeba kombe lenyewe, Mzee atapata kifungu, nami nitakikubali, nitakunja mashuka. Nilimtazama: machozi yalikuwa yanamtoka kwenye lile jicho zima peke yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeogopa kuogeshwa na wageni. Nilimhurumia sana, na kwa mara ya kwanza huruma ile haikunikalisha chini.

"Naondoka, Mzee," nikamwambia. "Waingie, wasiingie."

"Na wallahi yako?"

"Nitaijibu mwenyewe."

Nilimpa dawa zake, nikampikia, nikamwogesha maji ya uvuguvugu kama anavyopenda, na Jumapili Bina alipokuja nikampa ufunguo. Alijaribu kusema, "Zuhura, please, just till Christmas," akaona uso wangu akaacha. Mzee alikuwa ameugeuzia ukuta uso wake. Sikumuaga vizuri, na yeye hakuniaga kabisa. Nilihamia kwa Mwajuma Hayes, nikapanga vyakula vya abiria kwenye lile bohari lenye baridi, na mwezi wa Agosti nikafunga siku tatu, jua la London likichelewa kuzama makusudi. Kwa hesabu yangu kiapo kilikuwa kimetimia, maana mchujo nao ni Ulaya. Nilifunga kwa tahadhari. Wiki hizohizo timu ikatolewa kwenye mchujo. Chuo kilinichukua mwaka uliofuata, na insha za Kiingereza ziliniliza kama nilivyozitazamia, na nilifaulu.

Bina alinitumia salamu kila Diwali, nami nikamjibu. Alipata mama mmoja wa Kikongo mwenye Kiswahili chake cha Bukavu, ambaye Mzee aligombana naye kila siku na hakumfukuza. Mimi na Mzee hatukusemezana. Miaka ikapita, mingi ya kutosha kuolewa na kuzaa. Kisha Jumapili moja ya Mei, nikiwa zamu, simu ikaita mfukoni mwa sare yangu, namba ya Kilburn. Nilitoka kwenye ngazi za dharura nikapokea.

"Zuhura," akasema. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini Kiswahili kilikuwa kilekile. "Tumemaliza wa sita. Tumeingia. Makundi, moja kwa moja. Hakuna mchujo."

"Hongera, Mzee."

Alipumua muda mrefu. Nilisikia nyuma yake yule mama wa Kikongo akimwambia anywe maji.

"Sasa unaweza kuondoka," akasema.

"Mzee, mimi si niliondoka zamani."

"Uliondoka, ndiyo. Lakini sikukupa ruhusa. Nakupa leo."

Nilitaka kumwambia kwamba sikuihitaji, kwamba kiapo nilishakifungia siku tatu, kwamba alininyang'anya mwaka. Nilikuwa muuguzi, mke wa mtu, mama wa mtoto anayekwenda shule. Nilikaa kwenye ngazi ile ya zege, nikamwambia, "Asante, Mzee," na nikaona haya kwa jinsi nilivyokuwa nimeingoja ruhusa ile.